Shikamoo Mama Tabibu: nikilipa laki sita nitakuwa daktari msaidizi?

Barua za mwezi huu ni tatu, zote kuhusu kusomea kazi za hospitali. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, maana pesa ya mzazi iko mezani na siku zimebaki chache.

*Shikamoo Mama Tabibu. Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Mbagala Rangi Tatu na mama yangu anayeuza vitumbua na maharage asubuhi. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2022. Biolojia nilipata C, Kemia D, Kiswahili B, Jiografia C, Kiingereza D. Fizikia na Hesabu nilipata F. Tangu mdogo natamani kufanya kazi hospitali. Karibu na stendi kuna chumba kimewekwa bango: "Udaktari Msaidizi, miezi sita, cheti na ajira." Wanataka laki sita, nusu ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Mama ameshapokea mchezo wake na yuko tayari kulipa. Halafu binamu yangu aliyeko Marekani anasema huko kazi ya "medical assistant" watu husoma chini ya mwaka na kuajiriwa, kwa hiyo nisome kozi ya huko kwa intaneti. Nifanye lipi?*

Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie mama hiyo pesa ya mchezo aifunge kwenye kanga, asiilipe. Akiwa na wasiwasi kwamba nafasi itapita, msomee jibu langu mpaka mwisho.

Hilo jina kwenye bango lina kazi yake hasa, na kazi hiyo haijawahi kusomewa miezi sita. Hapa kwetu daktari msaidizi alikuwa tabibu aliyekwisha kufanya kazi, akarudi darasani miaka miwili mingine, akatoka akiwa anaweza hata kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua. Hospitali nyingi za wilaya zilisimama kwa mikono ya watu hao. Anayeliuza jina hilo kwa laki sita anauza kitu ambacho hana.

Ngoja nikupangie kada hizi, maana majina yanafanana na mtaani sisi sote tunaitwa "daktari", hadi kijana wa dirisha la dawa. Mhudumu wa afya anahitaji kidato cha nne na mafunzo ya mwaka mmoja kwenye chuo kinachotambuliwa na serikali. Huyu anatandika, anaosha wagonjwa, anapeleka sampuli maabara, anasafisha vifaa, na anafanya kazi chini ya muuguzi na tabibu. Tabibu msaidizi husoma miaka miwili. Tabibu ni miaka mitatu, na huhitimu na diploma. Ndiye unayemkuta kwenye zahanati anakuuliza umeanza kuumwa lini, anakupima, anakuandikia dawa. Daktari mwenye shahada husoma miaka mitano chuo kikuu, kisha hufanya mwaka mzima wa mazoezi hospitali kabla hajaachiwa peke yake. Wauguzi wana ngazi zao, maabara wana zao, famasia vivyo hivyo.

Miezi sita ipo pia, lakini ni ya kitu kingine. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha kina mama kliniki na kuwatambua wagonjwa wa kifua kikuu. Mafunzo yao ni miezi sita na wanatoka kwenye mitaa yao wenyewe. Nadhani mwenye bango ameichukua hiyo miezi sita akaibandika kwenye jina kubwa. Kama kazi ya kupita nyumbani kwa watu inakuvutia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa wako uulize. Hapo hutaombwa laki sita.

Sasa namna ya kulipima bango lolote, la Mbagala, la Buza au la Mwenge. Uliza maswali mawili tu. La kwanza: chuo hiki kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, na kozi hii yenyewe imeidhinishwa? Chuo kinaweza kusajiliwa kwa kozi ya kompyuta kisha kikafundisha tiba kwa siri, kwa hiyo uliza yote mawili. Baraza hilo hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachopatikana kwenye tovuti yake bure, na humo utakuta kila chuo, kozi zake, sifa za kuingia, idadi ya nafasi na ada. Kama jina la chuo halimo, mazungumzo yameisha. La pili: nikimaliza, baraza gani la taaluma litaniandikisha? Matabibu na madaktari tunaandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi na wakunga wana Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ukiuliza swali hili la pili, mtu mkweli atakujibu kwa sentensi moja. Tapeli ataanza kukusimulia habari za wahitimu wake walioko Dubai.

Swali hilo la pili sikufundishwa na mtu. Mwaka 1993 nilikuwa na umri kama wako. Zahanati za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa tena miaka miwili nyuma na zilikuwa zinachipuka kila kona. Nikaajiriwa kwenye mojawapo upande wa Temeke, kufagia na kuandika kadi. Baada ya wiki mwenye zahanati alinivisha koti jeupe, akanifundisha kuchoma sindano kwa kutumia chungwa, na tangu siku hiyo nikawa "daktari wa jioni". Jioni moja mama mmoja akaja na mtoto wa miezi kumi, ana homa, anakohoa. Tabibu hayupo. Nilifanya kile nilichoonyeshwa: homa ni malaria, malaria ni sindano ya klorokwini. Nikamchoma, wakaondoka. Kifua cha yule mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa mkononi. Nilikiona. Sikujua kwamba nilichokiona kinahesabiwa.

Leo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua: mtoto wa miezi 2 hadi 12 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, hapo unashuku nimonia. Wa mwaka mmoja hadi mitano, mara 40. Wala huhitaji mashine, unahitaji saa yenye mshale wa sekunde, mtoto aliyetulia, na dakika nzima bila kukatisha.

Usiku ule jirani yao aliwapeleka hospitali ya Temeke, mtoto akawekewa oksijeni, akapona. Wiki iliyofuata mama yake alinipitia kunishukuru. Akaniita daktari. Niliingia chumba cha nyuma nikalia hadi nikavua lile koti, na sikulivaa tena mpaka nilipolivaa kwa haki, baada ya miaka mitatu ya chuo. Ndiyo maana nakuandikia kwa ukali kidogo. Anayekuuzia cheti cha miezi sita hakuibii laki sita peke yake. Anakuweka mbele ya mtoto kama yule ukiwa mikono mitupu.

Tuje kwenye matokeo yako. Diploma ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. D ni ufaulu. Biolojia unayo, Kemia unayo. Kinachokufungia mlango ni Fizikia peke yake, na uuguzi nao unaidai hiyo hiyo. Kwa hiyo jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Chagua kituo chenye mwalimu wa Fizikia anayeshika vifaa, na kabla ya kulipa uliza mazoezi ya maabara yanafanyikaje, kwa sababu nadharia peke yake haitoshi.

Na Hesabu irudie pamoja nayo. Utaniambia mwongozo wa diploma haulazimishi Hesabu, unasema tu ni nyongeza nzuri. Ni kweli. Lakini siku utakapotaka kutoka utabibu kwenda shahada ya udaktari, TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, watataka diploma yenye wastani wa B au GPA ya 3.0, halafu watarudi kwenye cheti chako cha kidato cha nne kutafuta angalau D katika Hesabu, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. Nina wenzangu, matabibu hodari kabisa, waliofika mlango huo wakiwa na watoto watatu nyumbani ikabidi warudi kukaa na vijana wa kidato cha nne kwa ajili ya D moja ya Hesabu. Wewe ukae sasa, ungali kwa mama.

Tena usizione Fizikia na Hesabu kama ushuru wa kuingilia chuo. Utazitumia kila zamu. Presha ya damu ni fizikia, ile 120 juu ya 80 ni milimita za zebaki. Dripu inashuka kwa sababu chupa imening'inizwa juu ya moyo. Na daktari akikuandikia mililita 1000 ziishe kwa saa 8, na mrija unatoa matone 20 kwa mililita, unatakiwa upige hesabu hapo kitandani: 1000 mara 20, gawa kwa dakika 480, unapata matone kama 42 kwa dakika. Ukikosea ukayaachia yakimbie, mtoto mdogo au mzee mwenye moyo mchovu anajaa maji mapafuni.

Kuhusu binamu yako, hadanganyi. Marekani kazi hiyo ipo, na ni kazi ya heshima. Anayeifanya hupima urefu, uzito na presha, huandika historia ya mgonjwa kabla daktari hajaingia, huchukua damu, hupanga miadi, hushughulika na makaratasi ya bima. Hatambui ugonjwa wala haandiki dawa. Wengi husoma kozi ya cheti ya mwaka mmoja hivi, wengine miaka miwili, kisha hufanya mitihani kama ule wa cheti cha CMA unaosimamiwa na AAMA, chama chao cha taaluma huko Marekani. Lakini kozi zao zenye ithibati hudai saa 160 za mazoezi ndani ya kliniki chini ya msimamizi. Hizo saa huwezi kuzifanya kwenye simu ukiwa Rangi Tatu. Na hata ungezifanya, cheti hicho hapa hakina rejista ya kukupokea. Ukiamua siku moja kuhamia huko, utasoma huko huko.

Ule mkanganyiko wa jina una historia yake. Zamani hapa kwetu tabibu wa kidato cha nne naye aliitwa kwa jina hilo hilo la Kiingereza, "medical assistant", na chini yake kulikuwa na RMA (Rural Medical Aide), waliotoka darasa la saba na kusomea tiba za vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndio waliopelekwa kwenye zahanati za vijiji. Mzee akikwambia "mjomba wako alikuwa medical", anamaanisha huyo wa zamani, aliyekuwa akiandika dawa. Si yule wa Marekani.

Pesa. Ada ya diploma hulipwa kwa miaka mitatu, na bango la ada halikuambii habari za sare, viatu vyeupe, stethoskopu, mashine ya presha, bima, michango ya mitihani, na nauli ya kwenda kwenye mazoezi hospitali saa kumi na mbili asubuhi. Kaa na mama mpige hesabu ya vyote hivyo kabla. Vyuo vya serikali kwa kawaida ni nafuu kuliko vya binafsi, na viko vingi nje ya Dar. Usiogope mkoa. Mimi nilisoma Kibaha na wenzangu wengine walitawanyika Masasi, Kilosa, Sumbawanga. Bodi ya Mikopo nayo tangu mwaka wa masomo 2023/2024 inakopesha wanafunzi wa diploma, afya ikiwemo, ila ndani ya afya huchagua kozi za kipaumbele, si zote. Soma mwongozo wa mwaka wako kwa jina la kozi, usiridhike na neno "afya".

Katika miezi hii ya kusubiri mtihani, nenda Chama cha Msalaba Mwekundu ukaulize mafunzo yao ya huduma ya kwanza. Nyumbani chukua mkono wa mama akimaliza kukaanga vitumbua, weka vidole viwili chini ya kidole gumba chake, hesabu mapigo dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika ni kati ya 60 na 100. Andika kwenye daftari na tarehe. Fanya hivyo kila siku hadi Novemba.

*Shikamoo mama. Mimi ni baba wa familia, miaka 36, natoka Tandale. Nimekuwa mhudumu kwenye zahanati ya mtu binafsi miaka tisa. Kidato cha nne nilimaliza 2006, Biolojia, Kemia na Fizikia nina D, Kiswahili C. Nachoma sindano, nafunga vidonda, na usiku tabibu asipokuwepo naandika hata dawa. Bosi ananiambia, "Wewe ni daktari tayari, cheti cha nini?" Je, nimechelewa kusoma? Na naweza kusoma jioni huku naendelea na kazi?*

Marahaba baba. Hujachelewa. Mwongozo wa udahili unaangalia matokeo, hauulizi ndevu. Masomo yako manne yanatosha hivyo hivyo yalivyo. Ukianza mwaka huu unamaliza ukiwa na 39, na matangazo ya ajira za serikali kwa kawaida huweka mwisho wa umri miaka 45, kwa hiyo nafasi unayo, ila si ya kuichezea kwa mwaka mwingine wa kufikiri.

Jioni haiwezekani. Utabibu husomwa mchana darasani na asubuhi wodini, na mwaka wa pili na wa tatu mazoezi hospitali yanakula hata usingizi. Chuo kitakachokwambia "njoo saa kumi na mbili jioni mara tatu kwa wiki" kitilie shaka kubwa. Kinachowezekana ni zamu za wikiendi kwa kazi yako ya uhudumu, kama bosi atakubali, na mkeo awe amekubali kabla yako. Nimewaona baba wa familia wakimaliza. Walioshindwa hawakushindwa na masomo, walishindwa na kodi ya nyumba ya mwezi wa nne. Weka akiba ya kodi kwanza, ndipo ujaze fomu.

Sasa hili lingine, na naomba ulipokee kama kutoka kwa dada yako mkubwa. Acha kuandika dawa. Leo. Najua wagonjwa wanakusubiri, najua una mkono mwepesi na labda unamzidi kijana aliyetoka chuo jana. Lakini tuchukue sindano ya makalioni. Kuna neva kubwa inayopita hapo ikielekea mguuni. Ukichoma chini sana au ndani sana unaigusa, na mtoto aliyekuja anatembea anarudi nyumbani anaburuta mguu. Tunafundishwa kuligawa kalio mafungu manne na kuchoma fungu la juu la nje, na kwa watoto wadogo tunalikwepa kabisa, tunachoma paja kwa upande wa nje. Pengine unalijua hilo. Pengine mtu alikuonyesha tu "hapa". Siku mgonjwa akidhurika, jina litakaloulizwa ni la aliyeandika kwenye faili, na bosi anayekuita daktari leo atasema yeye alikuajiri kufagia. Nimeshuhudia ikisemwa hivyo, neno kwa neno.

Mwambie hivi, kwa adabu: "Bosi, tabibu asipokuwepo nitampokea mgonjwa, nitampima joto na presha, na akiwa na hali mbaya nitampeleka hospitali, lakini dawa sitaandika." Akikufukuza kwa maneno hayo, amekufukuza kabla ya balaa.

Nisieleweke kwamba naudharau uhudumu. Nimefanya kazi miaka mingi na najua wodi husimama kwa nani. Mhudumu akiosha vifaa vizuri kama inavyotakiwa, akatenga taka kila moja kwenye ndoo ya rangi yake, akalifunga boksi la sindano likifika robo tatu badala ya kulisukuma lijae, basi muuguzi na mgonjwa wa kitanda kinachofuata wanalala salama. Hiyo ni kazi ya kujivunia, na chuoni itakupa mbele ya wenzako hatua ambayo hawataikuta vitabuni.

Swali moja nikuulize: umechanjwa homa ya ini B? Ni dozi tatu ndani ya miezi sita. Miaka tisa kwenye sindano bila chanjo ni kamari. Na ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa maji tiririka na sabuni, usiminye, kimbilia kituo siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia VVU huanza mapema iwezekanavyo na mlango wake hufungwa baada ya saa 72.

*Habari za kazi mama. Binti yangu yuko mwaka wa kwanza diploma ya uuguzi, sisi tunaishi Kigamboni. Wiki iliyopita walipelekwa wodi ya upasuaji kwa mara ya kwanza, kidonda kilipofunguliwa akazimia. Wenzake wanamcheka, sasa anasema anaacha chuo. Ada ya mwaka nimeshamaliza. Je, mtu wa namna hii anaweza kuwa muuguzi kweli?*

Nzuri baba, pole. Anaweza. Mimi nilizimia mara mbili mwaka wa kwanza, mara ya pili nikiwa nimeshika beseni la vifaa. Muuguzi mkuu wa wodi ile hakunigombeza. Alinilaza chini, akainua miguu yangu juu ya kiti, akasema, "Umekula nini asubuhi?" Sikuwa nimekula chochote.

Mwili ukishtuka kwa damu au harufu, kwa baadhi ya watu mapigo ya moyo hushuka ghafla, mishipa inalegea, damu inabaki miguuni na ubongo unapungukiwa kwa sekunde chache. Kusimama muda mrefu bila kusogea, njaa, joto la wodi na barakoa huongeza. Si alama ya uoga wala ya moyo mwepesi, na kwa wengi hupungua kila wanapozoea. Kama anazimia hata nyumbani bila kuona damu, hilo ni jambo lingine, akapimwe.

Mwambie amwendee mkufunzi wake amweleze waziwazi. Wakufunzi wanalijua jambo hili kuliko anavyodhani, na wataweza kumpanga awe karibu na kiti au aanze na vidonda vidogo. Akiwa amesimama akaze misuli ya mapaja na mashavu ya miguu kisha alegeze, tena na tena, asikakamaze magoti. Akianza kuona giza au kutokwa jasho baridi, akae chini papo hapo, hata sakafuni, kabla hajaanguka, maana kinachovunja kichwa ni sakafu. Aangalie kidonda kwa kipimo: mara ya kwanza mikono ya anayefunga, mara ya pili kingo, mara ya tatu ndani.

Wanaomcheka waache. Miezi michache mbele mmoja wao atakwama kwenye kitu kingine, pengine kwenye matapishi, pengine kwenye kifo cha kwanza, na yeye ndiye atakayekaa naye kwenye ngazi za nyuma.

Kabla ya kuvuka kivuko asubuhi, ahakikishe amekunywa chai ya maziwa na kula chapati mbili, na chupa ya maji iwe kwenye begi.